Mpelelezi Tapp hakupita dukani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wenu wa barua. Jumamosi mbili zilizopita mlitoa makala ya burudani iliyomsifu mpelelezi David Tapp wa filamu ya Saw, kwamba ndiye mfano wa askari asiyekata tamaa, aliyeisoma mitego ya yule muuaji kama mwanachuoni anavyosoma kitabu. Makala hiyo nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimekaa juu ya mfuko wa saruji nikimsubiri mteja aliyekwenda kutafuta chenji, mara ya pili nilikuwa nyumbani juu ya kiti. Sikukubaliana nayo juu ya saruji, na juu ya kiti sikukubaliana nayo vilevile.

Mimi si mwandishi wala si askari. Ninauza vifaa vya ujenzi Ngamiani, hapa Tanga, tangu mwaka 1983, mwaka mbaya kuliko yote wa kufungua duka, na wa rika langu wanajua kwa nini. (Kijana asiyejua amuulize babu yake sabuni ilikuwa inafichwa wapi.) Misumari, kufuli, bawaba, komeo, minyororo ya kupima kwa mita, seng'enge, misumeno, rangi, mabomba. Naitaja biashara yangu mapema kwa sababu hoja yangu yote imo humo.

Filamu yenyewe niliiona kwanza kwenye banda la video, miaka ile ya mabenchi ya mbao na jasho la watu sitini, ikiwa imewekewa sauti ya mtafsiri wetu wa Kiswahili. Mtafsiri alimwita "Inspekta Tapu" na kila akitokea alituambia mzee huyu ananusa kuliko mbwa wa bandarini. Tulimpenda sana. Baada ya makala yenu nilimwomba mjukuu wangu aniwekee tena kwenye kompyuta yake, ambayo ina uungwana mmoja ambao banda halikuwa nao: unaweza kusimamisha picha. Nikamwambia simamisha. Tukaenda mbele kidogo, simamisha tena. Akaniuliza, "Babu, kwani unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta chapa ya kufuli.

Maana hicho ndicho nilichokiona safari hii, ambacho bandani sikukiona kwa kelele. Kila mtego uliomo mle umetengenezwa kwa mali ya dukani. Yule binti Amanda aliyefungwa taya za chuma kichwani, taya zinazotaka kufunguka kwa nguvu baada ya sekunde 60: ile ni kazi ya kuchomelea, springi nzito, saa ya kuhesabu, na kufuli nyuma ya kisogo. Yule bwana aliyetupwa kwenye tundu la waya wenye nyembe: nimejaribu kuhesabu mizunguko ya waya ule, nikaachia njiani, lakini nawaambia si mzigo wa kubeba kwapani. Mali ile ilikuja kwa gari. Kuna kijana aliyeishusha akachanika mkono, akalaani, akaomba nyongeza ya nauli. Kijana huyo anakumbuka nyumba. Hakuna mpelelezi aliyemuuliza.

Nifupishe kisa kwa asiyekijua. Kuna mtu anateka watu na kuwaweka kwenye mitego, anawaachia kaseti ndogo yenye sauti yake, na mtego una mlango wa kutokea ukikubali kulipa bei, bei yenyewe ikiwa damu. Watu wawili wanazinduka wamefungwa minyororo miguuni katika bafu chafu, kila mmoja upande wake, wamefungwa kwenye mabomba. Mmoja ni daktari, Lawrence Gordon, mwingine ni kijana mpiga picha, Adam. Tapp ndiye askari anayemwinda mtegaji.

Sasa niruhusuni kidogo kuhusu msumeno, kwa kuwa filamu imeitwa kwa jina lake na mimi nimeuuza miaka zaidi ya arobaini. Wale wawili wanapata misumeno miwili ya chuma ndani ya tangi la choo. Wanaanza kukata minyororo, wa Adam unakatika, na daktari anatambua kwamba misumeno haikuwekwa kwa ajili ya mnyororo, imewekwa kwa ajili ya mguu. Bandani watu walipiga ukelele. Mimi sikushtuka na chochote isipokuwa namna walivyoushika. Wembe wa msumeno wa chuma, ule wa inchi 12, una meno yanayoangalia mbele, kwa sababu unakata ukisukuma, si ukivuta. Ukiuvuta kwa hasira unakwisha. Halafu kuna hesabu ya meno: 18 kwa inchi kwa chuma nene na laini, 24 kwa kazi za kawaida, 32 kwa bati na bomba jembamba. Wateja kumi wakija kununua, tisa hawaulizi meno, wanauliza bei. Kesho wanarudi na vipande viwili mkononi, wananiambia nimewauzia mali ya bandia. Nawauliza uliukaza? Uliusukuma taratibu? Wanakaa kimya.

Mnyororo ukiwa umeivishwa ukawa mgumu, msumeno utateleza juu yake kama mtu anayesugua sufuria. Hilo muuaji alilijua. Lakini bomba, ndugu zangu! Mimi ningeanza na bomba, au na kiungio chake. Lilimshinda nini daktari msomi na fundi wa picha kuliangalia bomba waliloegemea saa zote zile? Mjukuu wangu anasema nikianza hivyo filamu itaisha dakika ya ishirini. Sawa. Wameitengeneza kwa dola milioni 1.2, wakapiga picha siku 18 tu, ikawaingizia zaidi ya milioni 100. Si mimi wa kuwafundisha biashara.

Turudi kwa Tapp. Nataka nimtendee haki, maana kuna mahali amefanya kazi nzuri kabisa na mwandishi wenu ameparuka akapita, kwa sababu hapana damu. Amanda alipookoka, polisi walibaki na kanda ya video ya muuaji. Tapp akaitazama, akaacha kumtazama yule mwanasesere wa kutisha anayezungumza, akatazama ukuta nyuma yake. Ukutani mlikuwa na maandishi ya genge, yale vijana wanayoyapuliza kwa rangi ya kopo, na kwa mbali kinasikika king'ora cha moto. Genge lina mtaa wake. King'ora kina rekodi yake, siku na mahali. Wakaunganisha viwili hivyo wakapata jengo: kiwanda kilichoachwa cha midoli ya kuvalishia nguo. Huo ndio upelelezi. Hakusoma akili ya mtu, alisoma ukuta.

Kisha akaharibu. Usiku uleule wakaenda yeye na mwenzake, Sing, wawili tu, bila hati ya upekuzi, bila askari wa kuzunguka nyuma. Mle ndani wakamkuta muuaji mwenyewe anakuja, na mtu amefungwa kitini na keekee mbili za umeme zimeelekezwa shingoni. Wakamwokoa yule mtu. Lakini muuaji akamkata Tapp koo kwa kisu kilichofichwa mkononi, akakimbia; Sing akamfuata kwenye ujia, akakanyaga waya uliotegwa, bunduki za marisau zilizofungwa juu zikamfyatukia. Akafa pale. Mwandishi wenu ameita hiyo "gharama ya ushujaa". Mimi nina binamu aliyekuwa polisi, na nilipomsimulia sehemu hii alisema neno moja ambalo gazeti haliwezi kulichapa.

Na baada ya hapo? Tapp akaondolewa kazini, akapanga chumba kinachotazamana na nyumba ya Daktari Gordon, akakaa dirishani usiku na mchana akiwa ameshaamua kwamba daktari ndiye muuaji. Kwa nini? Kwa sababu kitochi cha kalamu cha daktari kiliokotwa kwenye eneo la tukio. Daktari alieleza usiku ule alikuwa wapi na nani, kwa aibu yake, na maelezo yakathibitika. Tapp hakutaka kusikia. Akamwajiri yule kijana Adam amfuate na kumpiga picha. Kwa hiyo mmoja wa wale wawili walioko bafuni amefikishwa pale kwa pesa za Tapp, na hili makala yenu haikuligusa hata kwa ncha ya kalamu. Muuaji mwenyewe (asiyeitazama anisamehe, filamu ni ya mwaka 2004) alikuwa mgonjwa wa daktari huyohuyo, mzee mwenye uvimbe kwenye ubongo, amelala kitandani hospitali mbele ya macho ya watu. Na muda wote wa filamu alikuwa amelala katikati ya sakafu ya bafu akijifanya maiti.

Swali la muuza misumari ni hili: kile kitochi cha daktari, nani alikuwa na nafasi ya kukichukua? Ni watu wanaoingia na kutoka anakofanyia kazi. Orodha hiyo haifiki watu mia: wauguzi, wahudumu, wagonjwa wa wodi. Ungeichukua hiyo orodha ukaiweka kando ya orodha nyingine: nani kati yao, siku za karibuni, amenunua springi, waya wa nyembe, minyororo, keekee? Sehemu za baadaye za filamu zinatuambia mzee yule, John Kramer, alikuwa mhandisi wa ujenzi. Mhandisi wa ujenzi! Jamani, mhandisi ana duka lake. Hakuna mhandisi asiye na duka analochukua mali mwezi mzima na kulipa mwishoni, na mwenye duka anayajua mambo yake kuliko mkewe. Anajua lini alianza kununua vitu ambavyo havilingani na jengo lolote. Mtu akichukua kufuli sita bila komeo hata moja, mimi nanyanyua kichwa.

Nimesema haya si kwa kubuni. Yalinikuta.

Mwezi wa Septemba 1998 aliingia dukani kwangu mtu mzima mwenye shati la mikono mirefu, bahasha ya kaki mkononi. Aliwaacha wateja wawili wamalize, akanunua msumari wa inchi tatu robo kilo (nilikuja kujua baadaye hakuwa na kazi nao), ndipo akajitambulisha kwamba ni askari mpelelezi. Akaniomba nifute kaunta. Nikafuta. Akatoa kwenye bahasha bawaba moja ya geti, ya inchi nane, na kipande cha waya urefu wa mkono, akaviweka kimyakimya kama mtu anayepanga vikombe.

Huko upande wa Muheza kulikuwa na kijana amekufa ndani ya shamba la machungwa. Kulikuwa na wizi wa machungwa usiku, na mtu alikuwa ametega: gogo zito limeinuliwa likashikiliwa kwa bawaba kwenye nguzo, na waya umekatizwa njiani usawa wa ugoko. Kijana akagusa waya. Kijijini watu walishamnyooshea kidole jirani mmoja ambaye wiki ile aligombana na marehemu kwa mpira wa maji, na jirani alikuwa ameshalala mahabusu. Kila mtu alikuwa anauzungumzia mtego, afande aliniambia, ulivyotegwa kwa akili, kwamba aliyeutega lazima awe mwindaji au mwanajeshi. "Mimi mambo ya akili siyajui," akasema. "Hii nimekuja kuuliza ni yako?"

Nikaigeuza bawaba. Hapa lazima nieleze siri ya kazi. Wauzaji wa zamani hatuandiki bei kwa tarakimu. Tuna neno lenye herufi kumi zisizojirudia, kila herufi ni tarakimu yake, na bei tuliyonunulia tunaiandika kwa herufi hizo ili mteja asome asielewe. Neno langu nilirithi kwa Baniani aliyenifundisha kazi, na silitaji hapa kwa sababu bado linakula na kunywa. Kwenye bawaba huwa naandika kwa maka peni upande wa ndani, pale mabapa mawili yanapolaliana, mvua isifike. Nikaifungua. Ilikaza kwa kutu na udongo, nikatia tone la mafuta ya cherehani, ikafunguka. Herufi zangu zilikuwepo, tatu, nyekundu, zimefifia lakini zinasomeka.

Na zilikuwa za bei ya zamani. Kodi ya ongezeko la thamani ilianza Julai 1998, asilimia 20, na mzigo wote ulioshuka kutoka Dar es Salaam baada ya hapo ulikuja na bei nyingine, nami niliandika upya hata zilizobaki rafuni. Kwa hiyo bawaba ile ilitoka dukani kabla ya Julai. Nilimwambia hivyo afande, na huyo ndiye mtu wa kwanza maishani mwangu kufurahia habari za VAT.

Akaomba kuona daftari la madeni. Nilisita, kwa sababu daftari la madeni ni sitara za watu. Mna majina humo ambayo yangevunja ndoa. Akasema hatalichukua, atalisoma palepale. Akaketi kwenye saruji saa mbili nzima, kahawa vikombe vitatu, akipitia kaunta buku yangu ya kwaya tatu kwa kidole, mstari kwa mstari, Mei na Juni. Hakupiga mtu kofi, hakukimbia popote, hakuvua miwani. Ukurasa wa 61 akasimama. Bawaba za geti jozi moja, jumla shilingi 3,800, ametoa 3,000, bado 800. Jina. Kijiji.

Akaniuliza maswali manne, nayakumbuka yote. Alikuja saa ngapi. Alikuja na nani. Nilimuuliza ni vya nini, alijibu nini. La nne ndilo lililonifunza: "Alitaka kitu gani akakikosa?" Nikafikiri. Nikakumbuka alitaka waya mnene, namba nane, nami sikuwa nao. Afande akachukua kile kipande cha waya, akakizungusha kwenye mwanga wa mlango. Haukuwa waya wa dukani kwangu, ulikuwa waya wa breki ya baiskeli, mbili zimeungwa. Akashukuru, akaacha robo kilo ya misumari juu ya kaunta, akavuka barabara kwenda kwa mafundi baiskeli.

Jirani wa watu alitoka. Mwenye bawaba alikiri mwenyewe siku ileile, kwa maana alipoulizwa habari za waya namba nane aliona hakuna lililobaki kuficha. Alikuwa mkulima wa kawaida tu, wala si mwindaji wala si mwanajeshi; alitaka kuvunja mtu mguu, akaua. Nilikwenda mahakamani kutoa ushahidi wa herufi tatu, na wakili akaniuliza kwa kejeli kama mimi ni mtaalamu wa maandishi. Nikamjibu mimi ni mtaalamu wa maandishi yangu. Mwenye bawaba akahukumiwa kwa kuua bila kukusudia. (Nilipomuuliza dukani bawaba ni za nini, alisema banda la kuku. Tangu siku hiyo nimegundua Tanga nzima inajenga mabanda ya kuku.)

Nina neno jingine na mwandishi wenu, kisha niwaache. Mwishoni ameandika kwamba mambo ya Saw si ya kubuni yote, kwamba huko Chicago mwaka 1893 palikuwa na hoteli ya H. H. Holmes yenye vyumba mia vya mitego, vya gesi na milango ya kudondokea, ambamo mamia ya wageni wa maonyesho ya dunia walipotelea. Binti yangu anaishi Toronto, naye ana kichaa kama changu cha mambo haya, akanisomea kwa simu usiku mbili mfululizo. Holmes alikuwepo, na muuaji alikuwa. Jumba lilikuwepo, mtaa wa Englewood, maduka chini na vyumba vya kupanga juu. Lakini zile habari za kasri la mitego zilikuzwa na magazeti ya wakati ule yaliyokuwa yakigombania wasomaji, na gazeti moja lilimlipa Holmes mwenyewe gerezani aandike maungamo. Akaungama watu 27, baadhi yao wakiwa hai wanakula chakula chao. Vile vyumba vya siri? Vingine alivitumia kuficha samani alizochukua kwa mkopo, wenye mali wakija kudai wasizione. Nilipofika hapo nilimwambia binti yangu arudie. Akarudia. Mtego wa kumtega muuza samani! Huyo Holmes nimemjua vizuri kwa habari hiyo moja kuliko kwa makala nzima yenu.

Na aliyemfikisha kwenye kamba hakuwa mtu wa kuvunja mafumbo. Kwanza kulikuwa na deni: Holmes alimwahidi mfungwa mmoja huko St. Louis dola 500 amtafutie wakili wa kumsaidia katika ulaghai wa bima ya dola 10,000, kisha hakumlipa. Mfungwa akaandika barua polisi. Holmes akakamatwa Boston, Novemba 1894. Yule aliyetajwa kufa kwa ajili ya bima, Benjamin Pitezel, ikaonekana ameuawa kweli, na watoto wake watatu hawajulikani walipo. Ndipo akatumwa mpelelezi wa Philadelphia, Frank Geyer, kiangazi cha 1895. Huyu ndiye ningependa gazeti limwandikie makala.

Geyer alikuwa na picha za watoto na barua walizomwandikia mama yao, ambazo Holmes alizipokea asizitie posta, zikakutwa kwenye mali yake. Kwa barua hizo akazunguka: Cincinnati, Indianapolis, Detroit, Toronto. Mji baada ya mji akiingia kwenye nyumba za wageni na kwa madalali wa nyumba, akionyesha picha, akiuliza: umemwona huyu? Siku nyingi akijibiwa hapana. Toronto akampata mzee mmoja aliyewahi kuwa na jirani wa ajabu, aliyehamia na kitanda, godoro na sanduku kubwa, samani nyingine hana. Jirani huyo alikuja kuazima sepetu, akasema anachimba shimo la kuhifadhia viazi. Mzee sepetu alikuwa nalo bado. Geyer akaliazima hilohilo, akashuka kwenye sakafu ya udongo ya chumba cha chini, akachimba, akawapata wasichana wawili. Yule wa kiume alimpata Irvington, karibu na Indianapolis. Huko kulikuwa na fundi aliyepelekewa visu vya upasuaji avinoe, na kijana aliyesaidia kufunga jiko kubwa la kuni ndani ya nyumba akauliza kwa nini usitumie gesi, akajibiwa gesi haifai kwa afya ya watoto. Holmes alinyongwa Philadelphia tarehe 7 Mei 1896.

Tazameni watu wenyewe: mdai aliyedhulumiwa, mwenye sepetu, mnoa visu, mfunga jiko. Tapp alikaa dirishani. Yeyote kati ya hao wanne angemtoa dirishani.

Naongeza kwa mwandishi wenu, bila ubaya: akipita Tanga aje Ngamiani, nitamwonyesha meno 18 na meno 32 yanavyotofautiana, kwa maana katika makala yake ameandika kwamba msumeno wa Adam "ulikuwa butu". Haukuwa butu. Ulivutwa.

Na kama kuna msomaji wenu mwenye mawasiliano na mwenye bawaba, ambaye nasikia amekwisha kutoka na sasa analima huko kwao, amfikishie kwamba simdai kwa ugomvi. Ila bawaba moja ilibaki mahakamani kama kielelezo, hiyo naisamehe. Shilingi 800 zipo ukurasa wa 61, na daftari sijalichoma.

Ahsante kwa nafasi. Jina langu naomba lisichapwe, wateja watanitania.

Muuza Misumari,
Ngamiani, Tanga